Sanduku la Fundi wa Saa: Msilitupe, Wala Msilifungue Ovyo

Fundi wa saa akifariki, watu wa nyumbani kwake hujua la kufanya juu ya shamba, baiskeli na nguo zake. Lakini sanduku lake la kazi huwashinda. Ndani yake mna vibano, bisibisi nyembamba kama sindano, vichupa visivyo na jina, funguo ndogo za shaba, mikufu iliyokatika, na saa tano au sita ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua. Basi sanduku husukumwa uvunguni mwa kitanda. Watoto huchezea nyundo ndogo, panya hutafuna karatasi, na kutu hula chuma. Mwishowe mnunuzi wa chuma chakavu hupita na kulinunua kwa kilo.

Wasomaji wapenzi, huko Ulaya na Marekani sanduku la namna hiyo leo lina watu wengi wa kuligombania. Wako watu ambao kila jioni hukaa mbele ya simu au kompyuta wakitafuta vyombo vya kale vya mafundi wa saa, na funguo, mikufu, visanduku na takataka zote zifuatanazo na saa. Hata vijana wetu wenye simu sasa wameanza kuyaona masoko hayo, na wengine wamekwisha kutuma fedha. Kwa hiyo yafaa jamaa zetu wajue mambo haya: vyombo hivyo ni nini, vimetoka wapi, vina faida gani, na hatari zake ni zipi. Maana hatari zipo, na moja yaweza kuingia nyumbani bila kupiga hodi.

WANUNUZI NI WA NAMNA TATU

Wa kwanza ni mafundi wenyewe. Hawa hawatafuti pambo, bali chombo cha kufanyia kazi. Fundi ajuaye kazi yake atakuambia ya kwamba chombo cha chuma kizuri kilichotengenezwa miaka 80 iliyopita, kama hakikuharibiwa, chaweza kufanya kazi leo sawasawa na siku ya kwanza. Tena vyombo vingine havitengenezwi tena. Asipovipata vya kale, hana budi kuvifanya kwa mikono yake.

Wa pili ni wakusanyaji. Hawa hupenda historia. Mmoja hukusanya funguo za saa tu, mwingine tupa, mwingine vitabu vya bei vya maduka ya zamani. Huko Marekani wameungana katika chama kilichoanzishwa mwaka 1943, chenye makumbusho yake katika mji wa Columbia, jimbo la Pennsylvania. Huko Uswisi iko makumbusho kubwa ya saa katika mji wa La Chaux-de-Fonds.

Wa tatu ni wafanya biashara. Hununua sanduku zima kwa mjane asiyejua thamani yake, hulifungua, na kuuza kila kitu peke yake. Wengine ni watu wa haki. Wengine sio.

Zamani watu hao walikutana katika minada na masoko ya vitu vikuukuu. Tangu eBay ilipoanzishwa Marekani mwaka 1995, mnada umekuwa wa dunia nzima. Chombo kilichokaa miaka 50 juu ya dari ya nyumba huko Ujerumani chaweza kununuliwa usiku mmoja na mtu wa Japani au wa Nairobi.

KWA NINI VYOMBO VIMEJAA SOKONI

Huenda mtu akauliza: Kama vyombo hivi ni vizuri, mbona wenyewe wanaviuza? Jibu ni kwamba kazi yao iliwatoka mikononi.

Saa ya kale huendeshwa na kamani. Unapoitia ufunguo unaikaza kamani, nayo hulegea polepole ikisukuma magurudumu yenye meno. Gurudumu la mwisho, lile la mizani, huenda huku na huku na kuzuia mwendo usiwe wa haraka. Katika saa nyingi za zamani hupiga mara 5 kwa sekunde, yaani mara 18,000 kwa saa moja, na mara 432,000 kwa siku. Hebu fikiri, ni chombo gani kingine nyumbani kinachofanya kazi namna hiyo bila kupumzika? Ndiyo maana saa hizo zilihitaji fundi. Mafuta hukauka, vumbi huingia, ncha hulika. Kila baada ya miaka michache zilifunguliwa, zikasafishwa, zikatiwa mafuta.

Tarehe 25 Desemba, 1969, kampuni ya Seiko huko Tokyo ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya kuuzwa dukani inayoongozwa na kijiwe cha kwatsi na betri. Ilikuwa ghali mno, yen 450,000, bei ya motokaa ndogo. Lakini usahihi wake ulikuwa wa ajabu: ilikosea kama sekunde 5 tu kwa mwezi. Baada ya miaka michache saa za namna hiyo zikawa rahisi kuliko malipo ya fundi ya kutengeneza saa ya kamani. Watu wakaacha kutengeneza. Ikiharibika hutupwa, ikanunuliwa nyingine.

Huko Uswisi, nchi iliyoishi kwa kazi ya saa, mwaka 1970 walikuwako wafanyakazi wa saa wapatao 90,000. Katikati ya miaka ya 1980 walibaki elfu thelathini na kitu. Viwanda vilifungwa, na mafundi wazee hawakupata wanafunzi. Vyombo vyao vikaingia masandukuni, na leo wajukuu wao ndio wanaoviuza. Hata hivyo kazi yenyewe haikufa. Mwaka 2020 UNESCO iliandika ufundi wa saa za kamani wa Uswisi na Ufaransa katika orodha ya urithi wa wanadamu. Tena saa za kamani zilipendwa upya, na vijana wengine wakaanza kutafuta vyombo vile vile ambavyo babu zao waliviweka kando.

VYOMBO VYENYEWE

Tuanze na kile ambacho wazee wetu wa pwani wangekitambua mara moja. Seremala wa pwani alitoboa mbao kwa keekee: chuma chenye ncha, kimetiwa katika msukano wa mti, na kamba ya uta huzungushwa juu yake. Seremala huvuta uta mbele na nyuma, na keekee huzunguka. Basi fundi wa saa wa Ulaya alitumia akili ile ile. Alikaza kipande cha chuma kati ya ncha mbili, akakizungusha kwa uta mdogo wenye unywele wa farasi, akakikereza kwa kisu kigumu. Kwa uta huo alikereza mhimili wa gurudumu la mizani, ambao ncha zake katika saa ndogo zina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, karibu sawa na unywele. Nyuta hizo leo hununuliwa na wakusanyaji, na mafundi wachache wangali wakizitumia.

Baadaye ikaja mashine ndogo ya kukereza, ya kuwekwa juu ya meza, ndefu kama mkono hata kiwiko. Namna iliyojulikana kupita zote ilitengenezwa mwisho wa karne ya 19 huko Waltham, Massachusetts, mji uliokuwa na kiwanda kikubwa cha saa tangu mwaka 1854. Iliitwa Webster-Whitcomb, kwa majina ya mabwana wawili walioianzisha. Uzuri wake mkubwa ni kipimo. Koleti, yaani kile kishikio kilichopasuliwa kinachobana kazi, kina unene wa milimita 8. Viwanda vingi vya nchi nyingine vilifuata kipimo hicho. Kwa hiyo mtu akinunua leo mashine ya miaka 100 iliyopita, bado aweza kupata koleti zake, za kale na mpya. Kila koleti ina namba, na namba hiyo ni sehemu za kumi za milimita. Namba 40 hushika kitu chenye unene wa milimita 4. Ni jambo dogo, lakini limeokoa maelfu ya mashine zisitupwe.

Chombo cha tatu ni kile cha kupigilia. Ni kiti cha chuma chenye sahani ya mviringo iliyotobolewa matundu ya ukubwa mbalimbali, na juu yake mkono unaoshika vyuma vidogo vya kupigia, vimesimama wima kabisa. Fundi huchagua tundu, huchagua chuma, akapiga kidogo kwa nyundo, na mhimili mpya ukaingia katika gurudumu bila kupinda. Seti kamili yaweza kuwa na vyuma zaidi ya 100, kila kimoja katika tundu lake ndani ya kisanduku cha mti. Seti za Kendrick & Davis wa mji wa Lebanon, New Hampshire, zingali zikitafutwa sana. Na hapo yako maarifa kwa mnunuzi: matundu matupu ya kisanduku hayasemi uongo. Yahesabu kabla hujahesabu fedha.

Viko pia vyombo vya bei ndogo, navyo ndivyo vifaavyo kijana anayeanza. Bisibisi za mafundi wa saa zina vichwa vyenye rangi, na rangi ni kipimo: za Uswisi, manjano ni milimita 0.80, nyeusi 1.00, nyekundu 1.20. Vibano viwili, kimoja kigumu na kimoja laini. Lenzi ya jicho. Chombo cha kufungulia mgongo wa saa. Mtu mwenye hivi na uvumilivu aweza kujifunza mengi. Kampuni ya Bergeon ya mji wa Le Locle, iliyoanza mwaka 1791, yaviuza hata leo vikiwa vipya.

Na tusisahau tupa. Katika karne ya 18 na 19 mji mdogo wa Prescot na vijiji vya jirani, katika Lancashire ya Uingereza, viliishi kwa kazi hii. Jamaa nzima walifanya kazi nyumbani, baba kwenye tupa, watoto wakisaidia, na kazi yao ilipelekwa London na miji mingine ambako iliandikwa majina ya mabwana wakubwa. Karibu nao, huko Warrington, alikuwako Peter Stubs, aliyezaliwa mwaka 1756 na kufa mwaka 1806. Alikuwa na kilabu cha pombe, na pia alifanya tupa. Masimbi ya pombe yake aliyapaka juu ya tupa kabla ya kuzitia motoni, ili meno yasiungue. Tupa zake zilisifiwa hata ng'ambo ya bahari. Jina la Stubs likionekana leo juu ya tupa ya kale, mkusanyaji hasiti kufungua mkoba.

UFUNGUO ULIOZUNGUSHWA ILALA

Kitu kidogo kuliko vyote katika masoko haya ni ufunguo wa saa. Siku hizi saa ya kamani hukazwa kwa kifundo kilicho ubavuni. Lakini mpaka katikati ya karne ya 19 saa za mfukoni zilikazwa kwa ufunguo mdogo wa shaba au chuma, wenye tundu la pembe nne. Mfaransa Adrien Philippe alivumbua njia nzuri ya kukaza bila ufunguo mwaka 1842, lakini funguo ziliendelea kutumika miaka mingi baadaye.

Ufunguo mmoja wa namna hiyo unahusu nchi zetu. Mwaka 1873 David Livingstone alikuwa mgonjwa sana katika kijiji cha Chitambo, nchi ya Ilala, ambayo leo ni Zambia. Tarehe 30 Aprili, alasiri, alimwomba mtumishi wake Susi amletee saa yake. Hakuwa na nguvu za kuishika. Akamwonyesha Susi jinsi ya kuulaza mkono wake, saa ikakaa kiganjani, naye Livingstone akauzungusha ufunguo polepole mpaka saa ikajaa. Kabla ya mapambazuko alikuwa amekufa. Susi, Chuma na wenzao waliubeba mwili wake miezi mingi mpaka pwani, na mwezi wa Februari 1874 ukapokewa katika Misheni ya Bagamoyo. Mnara wa kanisa la kale ulipolazwa mwili huo waitwa Mnara wa Livingstone hata leo.

Kwa nini mtu anayekufa ahangaike na saa? Kwa msafiri wa siku zile saa haikuwa pambo. Kwa saa nzuri na kwa kupima jua na nyota alijua yuko mahali gani juu ya nchi. Saa ikisimama, amepotea. Ndiyo sababu iliyofanya ufunguo uchungwe kuliko fedha. Na ndiyo sababu wakusanyaji wa leo hawaucheki ufunguo wa shaba.

Anayenunua ufunguo kwa ajili ya saa aliyo nayo na aangalie kipimo chake. Funguo zilitengenezwa kwa namba. Ufunguo uliozidi kidogo huonekana unafaa, lakini hula pembe za mhimili mpaka unakuwa mviringo, na hapo ndipo gharama huanza.

MKUFU, KISANDUKU NA UONGO

Mavazi ya saa nayo yana wapenzi wake. Mkufu wa saa wa Waingereza huitwa Albert, kwa jina la mume wa Malkia Victoria. Una kijiti cha kupita katika tundu la kifungo cha kizibao, na ndoano ya kushika saa mfukoni. Mikufu ya fedha ya Uingereza kwa kawaida hupigwa chapa kila pete. Pete moja ikikosa chapa, ujue pengine mkufu umeungwa, au si fedha tupu.

Lakini jambo la ajabu ni visanduku vitupu. Utaona kisanduku kikuukuu cha kampuni yenye sifa, hakina saa ndani, na bei yake inashinda bei ya saa nzima ya kampuni nyingine. Kadhalika karatasi za dhamana za zamani. Kwa nini? Wako wanaopenda tu kuikamilisha saa yao. Lakini wako pia wanaonunua kisanduku cha kweli ili kukivisha saa ya uongo. Mnunuzi akiona kisanduku na karatasi, moyo wake hutulia, na macho yake huacha kuichungua saa yenyewe. Anayeuza karatasi bila kuuliza zinakwenda wapi amejiweka karibu na wizi. Tuwaambie vijana wetu waziwazi: faida ya namna hiyo haina heri.

Uko na uongo mwingine unaozunguka vijijini kwetu. Watu husema ya kwamba ndani ya saa za zamani mna mawe ya thamani, nao huzivunja ili wayatoe. Ni kweli kwamba saa ina vijiwe vyekundu. Tangu mwaka 1704, katika mji wa London, mafundi walijua kutoboa yakuti na kuziweka chini ya ncha za magurudumu ili zisilike. Lakini mwaka 1902 Mfaransa Verneuil alitangaza njia yake ya kutengeneza yakuti kwa moto, na tangu hapo vijiwe vya saa ni vya kiwandani, bei yake ni kidogo kabisa. Anayevunja saa ili apate yakuti amechoma nyumba apate misumari.

Na dhahabu? Makasha mengi ya saa za Marekani yana dhahabu ya juu juu tu, iliyobandikwa juu ya madini mengine. Mengine yameandikwa ndani kwamba yana dhamana ya miaka 20. Maana yake ni kwamba ganda la dhahabu halitalika kabla ya miaka hiyo. Si dhamana ya mwendo wa saa, wala si dhahabu tupu.

HATARI MOJA KUBWA

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mzazi alisome mara mbili.

Saa nyingi za kale, hasa za askari na zile za kengele za kuwekwa kando ya kitanda, zina namba na mishale inayong'aa gizani. Mpaka miaka ya 1960 rangi hiyo mara nyingi ilikuwa na radiamu. Madini haya yaligunduliwa huko Paris mwaka 1898 na Pierre na Marie Curie, nayo hutoa miali isiyoonekana ambayo huharibu mwili.

Tangu mwaka 1917 wasichana wa mji wa Orange, New Jersey, waliajiriwa kuzipaka nyuso za saa rangi hiyo. Walifundishwa kunoa ncha ya brashi kwa midomo yao. Kila mara walimeza kidogo. Waliambiwa haidhuru. Baada ya miaka michache meno yao yakang'oka, mifupa ya taya ikaoza, damu ikapungua, na wengi wakafa wangali vijana. Watano kati yao waliishtaki kampuni, na mwaka 1928 wakapata fidia. Kesi yao ilisaidia kufungua macho ya serikali juu ya haki za wafanyakazi.

Mtu atasema: Hayo ni ya zamani, na saa yangu haing'ai tena. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Kinachochoka ni ile dawa ing'aayo iliyochanganywa na radiamu. Radiamu yenyewe haijachoka. Huchukua miaka 1,600 kupungua nusu yake. Saa iliyokoma kung'aa wakati wa babu bado ina karibu radiamu yake yote.

Je, ni hatari kuwa nayo? Saa moja iliyofungwa vizuri, kioo chake kizima, haileti hatari kubwa. Hatari ni vumbi. Rangi ya kale hukauka na kubomoka. Mtu akiifungua saa akaikwangua au akaipuliza, vumbi lake huingia puani na mdomoni, hukaa juu ya meza ya chakula, na likisha kuingia mwilini hukaa mifupani. Kwa hiyo:

Usiifungue saa ya namna hiyo nyumbani. Usikwangue rangi yake kamwe. Usimpe mtoto aichezee. Usiweke nyingi pamoja katika chumba cha kulala, maana radiamu hutoa pia hewa yenye sumu. Ikiwa kioo kimevunjika, itie katika mfuko wa plastiki, ufunge, unawe mikono. Katika Tanzania iko Tume ya Nguvu za Atomiki, ambayo kazi yake ni kuangalia mambo haya. Waulizwe wao, wala usitupe shimoni.

Alama iko moja ya kusaidia. Saa za Uswisi zilizoandikwa herufi T chini ya uso, upande huu na upande huu wa neno "Swiss", zilipakwa tritiamu, ambayo nguvu yake ni ndogo na hupungua nusu kwa kila miaka 12 na kitu. Saa za leo hupakwa rangi isiyo na miali hiyo.

Tena vichupa! Katika masanduku ya mafundi wa kale hupatikana vichupa vya rangi ile ile ya radiamu, iliyokuwa ikipakwa upya kwenye mishale. Hupatikana pia dawa za kusafishia fedha zenye sayanidi, sumu ya kuua kwa muda mfupi. Kichupa kisicho na jina usikifungue, usikinuse. Wala usinunue vichupa vya namna hiyo kwa njia ya simu, hata muuzaji akivisifu vipi.

KABLA YA KUTUMA FEDHA

Kijana aliyeamua kununua chombo cha kale na ashike mambo machache.

Aombe picha za karibu na za mchana, za pande zote. Vibano, ncha zake zikutane. Vyuma vya kupigilia, vichwa vyake visiwe vimepanuka kama uyoga. Koleti zisiwe na ufa. Mashine ya kukereza, mhimili wake usitikisike. Kutu ya juu juu hutoka. Kutu iliyochimba chuma haitoki.

Ajue uzito. Mashine ya chuma yaweza kununuliwa kwa bei ndogo na kusafirishwa kwa bei kubwa, na juu yake uko ushuru wa forodha. Jumla ya yote matatu ndiyo bei ya kweli.

Asitume fedha nje ya utaratibu wa soko. Muuzaji akisema, "Nitumie pembeni nikupunguzie," hiyo ni dalili ya mwivi. Fedha ikisha kwenda hivyo hakuna wa kuirudisha.

Mwisho ajiulize kama atakitumia. Kununua kwa ajili ya kazi ni jambo jema. Kununua kila usiku kwa sababu bei ni ndogo ni ulevi kama ulevi mwingine, na karo ya watoto ndiyo inayolipa. Mwingereza George Daniels, aliyezaliwa mwaka 1926 katika ufukara, alipotoka jeshini mwaka 1947 alitumia fedha ya kuagwa kwake kununua vyombo vya kazi. Aliendelea kutengeneza saa za watu na kujifunza jioni, mpaka mwaka 1969 akamaliza saa ya kwanza aliyoifanya mwenyewe. Baadaye alivumbua njia mpya ya kuendesha saa, ambayo kampuni ya Omega ilianza kuitumia mwaka 1999. Alikufa mwaka 2011, akihesabiwa kati ya mafundi wakubwa wa karne. Vyombo vyake havikumfanya fundi. Mikono na miaka ndiyo iliyomfanya.

KWA WENYE SANDUKU NYUMBANI

Ikiwa marehemu babu au baba alikuwa fundi wa saa, fanyeni hivi. Kwanza, sanduku likae mahali pakavu, mbali na watoto, na vichupa vitengwe. Pili, msigawane vitu. Chombo kimoja kilichotoka katika seti hupunguza thamani ya vyote vilivyobaki. Tatu, msisugue vyombo kwa msasa vipate kung'aa. Alama za mwenye kiwanda zikifutika, mmefuta cheti chake. Pangusa vumbi, paka mafuta mepesi, basi. Nne, andikeni jina la fundi, mahali alipofanya kazi na miaka yake, mtie karatasi ndani.

Fungueni pia daftari lake, kama liko. Saa zilizobaki zina wenyewe. Mafundi wengi walikuwa na desturi ya kukwaruza alama ndogo na tarehe ndani ya mgongo wa saa waliyoitengeneza. Kwa alama hiyo na daftari, saa iliyokaa miaka 30 yaweza kurudi kwa mjukuu wa mwenyewe. Hiyo ni haki, na haki haichakai.

Kisha angalieni katika ukoo na katika kijiji. Hakuna kijana mtulivu, mwenye mkono mwepesi, apendaye kujua kitu kinakwendaje? Mkimpata, mpeni avione vyombo kabla hamjamwita mnunuzi. Pengine atachoka baada ya wiki moja. Lakini pengine hatachoka. Na ikiwa lazima kuuza, kwa ada ya shule au ya hospitali, uzeni sanduku zima kwa mtu atakayelitumia, baada ya kuuliza bei kwa watu wawili au watatu. Mjane asikubali bei ya kwanza ya mpita njia. Chombo cha fundi kilimlisha mume wake na watoto wake miaka mingi. Kisiuzwe kwa kilo pamoja na mabati.